Jinsi ya kutengeneza kibao cha "Inauzwa" kinachosomeka kutoka barabarani

Vibao vingi vya nyumba zinazouzwa hubuniwa na mtu aliyekaa, huidhinishwa na mtu aliyekaa, halafu hutakiwa kusomwa na mtu anayepita. Kwenye kioo cha kompyuta, nusu mita kutoka machoni, kila kitu kinapendeza: nembo, picha ya dalali anayetabasamu, barua pepe, idadi ya vyumba, kaulimbiu ya kampuni. Mwenye gari anayepita huona mstatili mweupe wenye kitu chekundu juu yake, basi.

Kibao kina kazi moja, nayo ni kumwezesha mpita njia kujua kwamba mali hii inapatikana na ampigie nani. Nyumba yenyewe imesimama pale nyuma, kwa hiyo kibao hakina haja ya kuisifia paa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, hasa ile ya kwanza, ambayo wengi huiruka.

Hatua ya 1: Nenda ukasimame barabarani kabla ya kuchora chochote

Chukua futi ya mkanda na simu yako, uende kwenye mali. Simama mahali unapodhani kibao kitakaa, halafu tembea kurudi nyuma kufuata barabara, pande zote mbili, mpaka pale mahali pasipoonekana tena. Hesabu hatua zako ukirudi. Umbali huo ndio bajeti yako yote. Kama kona au ua wa jirani unaziba mpaka zibaki mita 25, hakuna rangi wala fonti itakayokupa mita 60.

Tazama pia kitakachokuwa nyuma ya kibao. Ukuta mweupe humeza kibao cheupe, na majani humeza kibao cha kijani, hata kama kijani ndiyo rangi rasmi ya ofisi yenu. Piga picha kadhaa kutoka usawa wa macho ya dereva, maana utazihitaji baadaye.

Kisha rudi jioni. Sehemu iliyokuwa wazi saa nne asubuhi inaweza kuwa imezibwa na magari yaliyoegeshwa watu wakisharudi kutoka kazini, na jua linaloshuka linaweza kuwa linampiga dereva usoni upande ule ule. Mara nyingi kusogeza kibao mita tatu tu, au kukiinua juu ya usawa wa magari, hufaa kuliko kukibuni upya.

Hatua ya 2: Geuza umbali kuwa kimo cha herufi

Mwongozo wa alama za barabarani wa Marekani una kipimo rahisi cha kuazima: inchi 1 ya kimo cha herufi kwa kila futi 30 za umbali. Kwa vipimo vya mita ni karibu sentimita 1 kwa kila mita 3.6. Mwenye macho makali anaweza kusoma kutoka mbali zaidi akisimama na kukodoa, lakini dereva hatakodoa macho kwa ajili yako.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Likienda 30 hukata mita 8, na likienda 80 hukata mita 22. Herufi yenye kimo cha sentimita 10 huanza kusomeka vizuri kutoka mita 36. Kwa mwendo wa 50 hizo ni sekunde mbili na nusu, na katika sekunde hizo dereva anapaswa pia kutazama mbele.

Sasa chukua kibao cha kawaida, kile cha sentimita 61 kwa 46, na ujaribu kukiwekea namba ya simu yenye tarakimu 10 kwa mstari mmoja. Ukiacha ukingo wa sentimita 3 kila upande, unabaki na upana wa sentimita 55. Kwa fonti nene kama Arial Bold, tarakimu moja hula upana unaozidi kidogo robo tatu ya kimo chake. Ongeza nafasi mbili za kutenganisha mafungu ya namba, na kimo kikubwa kabisa kinachoingia ni kama sentimita 6.4. Namba hiyo itasomeka kutoka mita 23, yaani sekunde moja na nusu hivi kwa mwendo wa 50. Hakuna mtu anayekariri namba ya simu kwa muda huo.

Hesabu hiyo hiyo kwenye kibao cha sentimita 91 kwa 61 inakupa tarakimu za karibu sentimita 10. Kwa hiyo kile kidogo kinafaa mtaa wa ndani, ambako magari huenda polepole na watu hutembea kwa miguu. Kikubwa ni cha barabara yenye mwendo. Barabara ya kilomita 80 kwa saa usiipiganie kwa vibao hivi. Pale weka neno "Inauzwa" na mshale mahali pa kuingilia, namba ya simu ikae kwenye kibao cha pili, kule ambako gari limeshapunguza mwendo.

Hatua ya 3: Chagua maneno, kisha yapunguze

Panga yote unayotaka kusema kwa mstari mmoja mmoja: hali ya mali (inauzwa au inapangishwa), namba ya simu, jina la dalali au kampuni, halafu hayo mengine. Hayo mengine yafute. Barua pepe haisomeki kutoka barabarani wala hakuna atakayeiandika akiwa anatembea. Anwani ya nyumba haina kazi kwa mtu aliyesimama mbele yake. Kaulimbiu ni ya kumfurahisha bosi.

Hapa Kiswahili kina mambo yake, na mbunifu aliyezoea kunakili vibao vya lugha nyingine atakwama. "INAUZWA" ni herufi saba. "INAPANGISHWA" ni kumi na mbili. Kwenye upana ule ule wa sentimita 55 na fonti ile ile, herufi za neno la kwanza zinafika kimo cha sentimita 8. Za neno la pili hushuka hadi 5. Umepoteza zaidi ya theluthi ya umbali kwa sababu ya kitenzi tu. Usilikate neno kwa kistari, linakuwa kichekesho. Andika "YA KUPANGA" kwa mistari miwili, na herufi zinarudi karibu sentimita 8.

Jambo la pili ni ngeli. Nyumba inauzwa, kiwanja kinauzwa, shamba linauzwa, viwanja vinauzwa. Ofisi nyingi huchapisha rundo la vibao vya "Inauzwa" na kuvisimika popote. Kikiwekwa kwenye kiwanja kitupu kilicho kando ya nyumba, msomaji anaelewa kwamba nyumba ndiyo inayouzwa, na mwenye nyumba ataanza kusumbuliwa na watu wanaogonga mlango. "KINAUZWA" kingemaliza utata huo kwa kiambishi kimoja, bila kuongeza neno. Ukiuza aina mbalimbali za mali, agiza mafungu mawili au matatu tofauti. Gharama ya ziada ni ndogo kuliko lawama za jirani.

Bei usiiweke kwenye kibao kikuu. Bei hubadilika, na kibao chenye bei iliyobandikwa stika juu ya bei nyingine kinamwambia mnunuzi kwamba muuzaji anahaha. Taarifa za kubadilika zikae kwenye kibao kidogo cha nyongeza, chenye upana sawa na kile kikubwa na kimo cha sentimita 15 hivi, kinachofungwa juu au kuning'inizwa chini: "Vyumba 4", "Bei imepunguzwa", "Imeuzwa". Kila nyongeza ibebe jambo moja. Nimeona vibao vilivyoning'inizwa nyongeza nne mpaka vikawa kama ngazi.

Hatua ya 4: Panga kwa ukubwa

Vitu viwili vinatakiwa kuwa vikubwa: neno la hali na namba ya simu. Neno likae juu, namba ikae chini yake au katikati, kila kimoja kwa upana wote wa kibao. Jina na nembo vichukue kilichobaki. Mwenye kampuni atalalamika kwamba nembo ni ndogo. Mwoneshe picha ulizopiga barabarani, ukiwa umebandika mchoro wa kibao ndani yake kwa ukubwa wake halisi, na umuulize anaona nini. Mara nyingi mjadala huishia hapo.

Namba iandikwe kwa mafungu ya tarakimu tatu au nne, yakitenganishwa kwa nafasi tupu, jinsi watu wanavyoitamka. Weka namba moja. Namba mbili humfanya mtu achague, na kila moja inakuwa nusu ya ukubwa iliyostahili.

Picha ya dalali ni suala la mjadala. Inaweza kusaidia mtaani kwenye watembea kwa miguu, ambako sura inayojulikana ina thamani. Kwenye barabara ya magari inakula robo ya kibao na kuonekana kama doa. Ningeiacha.

Usiogope nafasi tupu. Herufi zilizobanwa hadi ukingoni huungana na kuwa ukungu zikitazamwa kwa mbali. Acha nafasi ya angalau nusu ya kimo cha herufi kati ya mstari na mstari.

Hatua ya 5: Fonti na rangi

Tumia fonti nene isiyo na vikia (vile vimistari vidogo kwenye ncha za herufi), na usitumie zaidi ya moja. Mwandiko wa mkono na herufi zenye madoido ni za kadi za harusi. Neno moja fupi kama "INAUZWA" linaweza kuwa kwa herufi kubwa zote, lakini jina la kampuni na maneno mengine yaanze kwa herufi kubwa na kuendelea kwa ndogo. Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliobuni alama za barabara kuu za Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walichagua mchanganyiko huo kwa majina ya miji. Neno lenye herufi zinazopanda na kushuka lina umbo lake, na hilo husaidia kulitambua kwa mbali.

Kwenye rangi, kinachosomeka ni tofauti ya mwanga na giza. Nyeusi juu ya njano, nyeusi juu ya nyeupe, buluu iliyokolea juu ya nyeupe, nyeupe juu ya nyekundu iliyokolea: hizi zinafanya kazi. Nyekundu juu ya kijani haifanyi, kwa sababu rangi hizo mbili zinaweza kuwa na giza sawa, na pia kwa sababu takriban mwanamume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya Kaskazini ana tatizo la kutofautisha nyekundu na kijani. Jaribio ni rahisi: geuza mchoro wako kuwa picha ya nyeusi na nyeupe. Maneno yakififia, rangi zako hazifai.

Ukitumia maandishi meupe juu ya rangi ya giza, punguza unene wa herufi kidogo na uongeze nafasi kati yake. Mwanga wa herufi nyeupe huonekana kutambaa nje ya mipaka yake, na tarakimu 8, 6 na 9 huanza kufanana.

Kumbuka jua. Nyekundu na njano hupauka mapema kuliko nyeusi na buluu. Kibao chenye "INAUZWA" kwa nyekundu juu ya nyeupe, kikikaa msimu mrefu juani, kinaweza kugeuka waridi na kumfanya mnunuzi afikiri nyumba ina kasoro iliyowafukuza wengine. Omba wino unaostahimili jua au karatasi angavu ya kinga juu yake, au namba ya simu uiweke kwa nyeusi ili ibaki hata nyekundu ikiondoka.

Hatua ya 6: Msimbo wa QR, kama unaufaa

Msimbo huu ulibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Kijapani ya Denso kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na kwenye kibao una faida kwa mtu mmoja tu, yule aliyesimama. Kanuni ya kawaida ni kwamba umbali wa kuusoma ni kama mara kumi ya upana wake. Msimbo wa sentimita 5 unamtaka mtu asogee hadi nusu mita, pengine aingie ndani ya ua wa watu. Kama njia ya miguu iko mita 2 kutoka kwenye kibao, msimbo uwe sentimita 20, na hapo umekula sehemu kubwa ya kibao kidogo. Pima kama inalipa.

Ukiuweka, uwe wa giza juu ya mandhari meupe, na uachiwe pande zote ukingo mtupu wenye upana wa miraba minne kati ya ile midogo inayouunda. Tumia kiungo kifupi, kwa kuwa kiungo kirefu huzaa miraba mingi na midogo zaidi, na msimbo husomeka kwa shida. Afadhali kiungo kiwe kile unachoweza kukielekeza upya, ili mali hii ikiuzwa kibao kile kile kitumike kwa nyingine. Kila unapopita kagua kama hakuna aliyebandika msimbo wake juu ya wako, maana matapeli wanaujua mchezo huo.

Hatua ya 7: Nyenzo na faili la mchapaji

Kwa wiki au miezi michache, plastiki nyepesi yenye mifereji ndani, unene wa milimita 4, inatosha. Mwambie mchapaji wazi kwamba mifereji isimame wima, kwa sababu vigingi vya waya huingizwa ndani yake kutoka chini. Ikilala, vigingi havina pa kuingia, na utajikuta unafunga kibao kwa kamba. Kwa kibao cha kutumika miaka, chagua bamba la alumini lenye kiini cha plastiki, unene wa milimita 3, likifungwa kwenye fremu au nguzo. Turubai la kuchapa bila fremu hupigapiga kwa upepo na halisomeki.

Chapisha pande zote mbili. Kibao kinachosimama sambamba na barabara hakisomwi na mtu aliye ndani ya gari. Kinatakiwa kusimama kwa pembe ya mraba na barabara, kikiyakabili magari yanayokuja, kwa hiyo kila upande una wasomaji wake.

Faili liwe na nembo ya vekta, yaani iliyochorwa kwa mistari badala ya nukta, isiyopasuka ikikuzwa. Picha ziwe na nukta 100 hadi 150 kwa inchi kwa ukubwa halisi. Rangi ya mandhari izidi mpaka wa kukatia kwa milimita 3 hadi 5, na maandishi yakae ndani kwa sentimita 2 au 3. Herufi zigeuzwe kuwa maumbo, ili kompyuta ya mchapaji isibadilishe fonti yako.

Halafu piga namba iliyo kwenye faili la mwisho. Usiisome, ipige, kutoka kwenye simu nyingine, na mtu apokee. Niliwahi kupokea vibao ishirini vizuri kabisa vyenye 6 mahali pa 9. Watu watatu tulikuwa tumevipitisha kwa macho.

Hatua ya 8: Jaribu kimoja kabla ya kuagiza vingi

Chapisha nakala ya karatasi kwa ukubwa kamili, hata kwa kuunganisha kurasa, uibandike kwenye kipande cha boksi na kuisimamisha mahali pake. Mpitishe kwa gari mtu asiyejua chochote kuhusu kazi hii, kwa mwendo wa kawaida wa barabara hiyo, naye awe abiria. Baada ya kupita muulize: kulikuwa na nini, na namba inaanzaje? Akikumbuka neno na tarakimu chache za mwanzo, kibao kinafanya kazi. Akikumbuka rangi tu, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 9: Sheria, kisha kusimika

Pata ruhusa ya mwenye mali kwa maandishi. Kisha uliza mamlaka ya eneo kuhusu ukubwa, umbali kutoka barabarani na muda wa kukaa, kwa sababu mambo hayo hutofautiana sana. Huko England, kwa mfano, kanuni za mwaka 2007 zinaruhusu bila kibali maalumu ubao mmoja usiozidi mita za mraba 0.5 kwenye nyumba ya kuishi, na uondolewe ndani ya siku 14 baada ya mauzo kukamilika. Kibao chetu cha sentimita 91 kwa 61 ni mita za mraba 0.56, tayari kimezidi. Marekani nako, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1977, katika kesi ya Linmark dhidi ya Willingboro, kwamba mji haukuwa na haki ya kupiga marufuku kabisa vibao vya "Inauzwa" kwenye nyumba za watu. Hata hivyo ukubwa na mahali bado vina masharti. Sheria ya makazi ya nchi hiyo ya mwaka 1968 inakataza tangazo linalobagua kwa rangi, dini au asili. Nchi nyingine nyingi zina katazo la namna hiyo. Sehemu nyingi pia hutaka jina au namba ya leseni ya wakala ionekane kwenye tangazo, basi itafutie nafasi tangu kwenye mchoro.

Kibao kisikae kwenye pembe ya makutano kinapomzibia dereva asione magari yanayokuja. Kabla ya kupiga kigingi, uliza mabomba na nyaya zinapita wapi.

Upepo usiudharau. Upepo wa kilomita 60 kwa saa husukuma kibao cha sentimita 91 kwa 61 kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 11 hivi, na kasi ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Vigingi vya waya vinatosha kwa kibao kidogo kwenye udongo mgumu. Kikubwa kinahitaji nguzo iliyozikwa robo hadi theluthi ya urefu wake na udongo ulioshindiliwa.

Hatua ya 10: Kitunze na kihesabu

Muulize kila anayepiga ameipata wapi namba, au tumia namba ya pekee kwa vibao. Baada ya wiki mbili utajua kibao kipi kinaleta simu na kipi ni pambo. Pita mara moja kwa wiki na kitambaa: futa vumbi, nyoosha kilichoinama, kata majani yaliyofika kwenye namba. Mali ikiuzwa, ning'iniza "Imeuzwa" kwa siku zinazoruhusiwa, kisha kiondoe, ziba shimo, na ukihifadhi kimelazwa mahali pasipo na jua, kwa sababu plastiki ikisimamishwa ukutani kwa muda mrefu hupinda.